Uzi: Fourvière, kilima cha Lyon ambacho bustani zake, makanisa yake na magofu yake yameunganishwa kwa njia za miguu

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Naishi Lyon, mji wa Ufaransa ambako mito ya Rhône na Saône hukutana, na ninaandika uzi huu kwa sababu picha za mji huu zinazosambaa mitandaoni huonyesha kitu kimoja tu, yaani basilika nyeupe ya Notre-Dame de Fourvière iliyokaa ukingoni mwa kilima juu ya mto Saône. Ni jengo lisiloweza kupuuzwa, na wenyeji wenyewe hulitania kwa kusema kwamba ni tembo aliyelala chali na kuinua miguu yake minne, kutokana na minara yake ya pembeni. Lakini maoni yangu, ambayo nitayatetea hapa, ni kwamba hazina ya kilima hiki iko kwenye mteremko ulio chini ya basilika na kwenye njia zinazoupitia. Basilika ungeweza kuijenga popote penye fedha na waumini, lakini mteremko ule wa kijani katikati ya mji mkubwa umetokana na mambo matatu yaliyokutana: watawa waliohitaji ardhi tulivu, udongo usiofaa kubebeshwa majengo mazito, na uamuzi wa halmashauri ya mji, katika miaka ya 1990, wa kuviunganisha vipande vilivyokuwa vimetengana.

Uamuzi huo ndio uliozaa kile kinachoitwa Parc des Hauteurs. Msitarajie bustani moja yenye lango, uzio na bwawa la bata. Bustani ya namna hiyo ipo Lyon, nayo ni Parc de la Tête d'Or, iliyo upande wa pili wa mji kwenye tambarare. Parc des Hauteurs ni mfululizo wa njia, ngazi, viwanja na bustani ndogondogo zinazomwezesha mtu kutoka mtaa wa kale wa Vieux Lyon, kupanda hadi basilika, kupita kwenye daraja la miguu kuelekea makaburi ya Loyasse, kisha kuzunguka hadi kwenye magofu ya Kirumi na mtaa wa Saint-Just, bila kulazimika kutembea kando ya magari kwa sehemu kubwa ya safari.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni bustani ya Rozari. Inaanzia chini ya basilika na kushuka kwa njia ya kupindapinda, ikipita kati ya miti na waridi, hadi inapofikia barabara ya mteremko ya Saint-Barthélemy. Katika kila kona mji hujionyesha kwa sura nyingine: mara paa za vigae vyekundu, mara Kanisa Kuu la Saint-Jean ambalo ujenzi wake ulianza katika karne ya 12 na kuendelea hadi ya 15, mara mito yote miwili, na siku ambazo hewa ni safi, milima ya Alps kwa mbali sana. Mahujaji wanaosali rozari huitumia njia hii, na vijana wanaofanya mazoezi ya kukimbia huitumia hiyohiyo. Sijawahi kuona kundi moja likilisumbua jingine.

Daraja la miguu linaloitwa Passerelle des Quatre-Vents lina historia ya pekee. Limewekwa kwenye njia ya zamani ya reli iliyokuwa ikiwapeleka watu kutoka Fourvière hadi makaburi ya Loyasse, ambayo yalifunguliwa mwaka 1807 na ndiko walikolazwa watu wengi mashuhuri wa mji. Reli hiyo ilifungwa mwaka 1937 na njia yake ikaachwa ikimezwa na vichaka kwa miongo kadhaa. Waliobuni bustani hii hawakuhitaji kununua ardhi mpya wala kubomoa nyumba ya mtu. Waliikuta njia tayari, imenyooka na ina mwinuko mdogo kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya behewa, nao wakairudisha kwa waenda kwa miguu. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa akili kuliko yote katika mradi mzima.

*

Nukuu: “Mbona sehemu kubwa ya mteremko ule haijajengwa, ilhali ardhi ya katikati ya mji ni ghali? Au ni ya Kanisa?”

Swali zuri, na jibu lina pande mbili. Ni kweli kwamba kilima kilijaa nyumba za kitawa. Mwanahistoria Jules Michelet ndiye anayesemekana kuvitofautisha vilima viwili vya Lyon kwa kusema kwamba Fourvière ni kilima kinachosali, na Croix-Rousse, kilichokuwa cha wafumaji wa hariri, ni kilima kinachofanya kazi. Karne ya 19 ilileta mashirika mengi ya kitawa, na kila shirika lilitaka nyumba yenye ukuta, kikanisa na bustani. Kwa hiyo kilima kilibaki kijani, ila kijani chenyewe kilikuwa nyuma ya kuta, na mpita njia alikuwa akiona mawe tu kulia na kushoto. Hata leo ukipanda kwa barabara ya Saint-Barthélemy utatembea kando ya kuta hizo kwa muda mrefu.

Upande wa pili wa jibu ni wa kusikitisha. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Novemba 1930, baada ya mvua nyingi, sehemu ya mteremko iliporomoka na kufunika nyumba zilizokuwa chini, karibu na mtaa wa Tramassac. Zimamoto walifika mara moja na kuanza kuwatoa watu kwenye kifusi. Wakiwa katikati ya kazi hiyo, ardhi ikaporomoka tena na kuwafunika waokoaji pamoja na wale waliokuwa wakiwaokoa. Waliokufa walikuwa takriban watu 40, na miongoni mwao walikuwamo zimamoto 19.

Chanzo kilikuwa maji. Ndani ya kilima kuna tabaka za changarawe na udongo zinazopitisha maji ya mvua, na tangu zamani watu walichimba mahandaki ya kuyakusanya na kuyaondoa. Mahandaki yasipotunzwa huziba, maji hukosa pa kutokea, udongo hulowa na kuwa mzito, na ukuta wa kuzuia ardhi ambao umedumu kwa karne nyingi huachia kwa usiku mmoja. Baada ya maafa hayo mji uliunda tume ya wataalamu wa kuichunguza miteremko yote, ambayo wenyeji huiita “balmes”, na hadi leo anayetaka kujenga kwenye maeneo hayo lazima mradi wake upitie uchunguzi wa usalama wa ardhi. Wala Fourvière hakikuwa kilima pekee chenye hatari hiyo, kwani mwaka 1977 mteremko wa Croix-Rousse uliporomoka kwenye barabara ya Cours d'Herbouville na kuua watu watatu.

Ndiyo maana nasema kwamba anayeiona bustani hii kama pambo la mji hajaielewa. Miti, mifereji ya maji, kuta za kuzuia ardhi na njia zinazowawezesha mafundi kufika kila sehemu ya mteremko ni kazi moja. Mteremko unaotembelewa kila siku na watu hauwezi kuvuja kwa miaka bila mtu kugundua.

*

Nukuu: “Tueleze kuhusu magofu ya Warumi. Yaligunduliwa wakati wa kutengeneza bustani?”

Hapana, ni ya kabla ya hapo, na kisa chake kimefungamana na bustani za watawa kwa namna inayochekesha kidogo.

Mji wa Lugdunum, ambao ndio Lyon ya mwanzo, ulianzishwa mwaka 43 kabla ya Kristo na Lucius Munatius Plancus juu ya kilima hikihiki, na baadaye ukawa mji mkuu wa Gallia, yaani Ufaransa ya zama za Warumi. Kaisari Claudius alizaliwa hapa mwaka 10 kabla ya Kristo. Mji wa watu wengi ulioko juu ya kilima unahitaji maji, na Warumi waliyaleta kwa mifereji minne mirefu, mmojawapo, wa Gier, ukiwa na urefu wa takriban kilomita 85. Walipofika kwenye mabonde waliyashusha maji ndani ya mabomba ya risasi na kuyapandisha upande wa pili kwa shinikizo lake yenyewe. Mji huo wa juu ulipoishiwa nguvu, watu walihamia chini kando ya Saône, na kilima kikageuka kuwa mashamba ya mizabibu, makanisa na machimbo ya mawe yaliyokwisha kuchongwa.

Mwaka 1887 profesa mmoja aliyeitwa Lafon aliona mabaki ya ukuta wa duara kwenye eneo la watawa wa kike waliojulikana kama Dames de la Compassion. Yeye aliamini kwamba ameupata uwanja walikouawa wafiadini wa Lyon wa mwaka 177, akiwamo mtumwa Blandina, ambaye kumbukumbu yake ni nzito sana kwa Wakristo wa hapa. Mjadala uliendelea kwa miongo, na hatimaye mwaka 1933, wakati Édouard Herriot akiwa meya, uchimbaji mkubwa ulianza. Kilichotokea ardhini hakikuwa uwanja wa wafiadini bali ukumbi wa maonyesho, wenye kipenyo cha mita 108 na uwezo wa kuchukua watazamaji wapatao 10,000, na pembeni yake ukumbi mdogo, odeon, wa watu wapatao 3,000. Uwanja uliokuwa ukitafutwa uko kwenye kilima cha pili, Croix-Rousse, na uthibitisho wake ulipatikana mwaka 1958 kwa maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe.

Kwa hiyo imani iliongoza watu kuchimba mahali pasipo penyewe, na mji ukapata ukumbi ambao tangu mwaka 1946 huandaa tamasha la kiangazi la Nuits de Fourvière. Sioni hasara yoyote hapo.

Jirani kuna jumba la makumbusho lililosanifiwa na Bernard Zehrfuss na kufunguliwa mwaka 1975. Zehrfuss alilizamisha ndani ya mteremko, hivi kwamba ukiwa nje unaona nyasi na madirisha machache tu yanayochungulia kumbi za kale. Ningependa wasanifu wote wanaopewa viwanja kwenye miteremko walitazame jengo hilo kabla ya kuchora chochote.

*

Nukuu: “Sisi wa Afrika Mashariki kinatuhusu nini kilima hiki, zaidi ya utalii?”

Kinatuhusu kuliko unavyodhani. Pembeni mwa bustani ya Rozari, kwenye barabara ya Saint-Barthélemy, kuna nyumba inayoitwa Maison de Lorette. Aliishi humo Pauline Jaricot, mwanamke mlei aliyezaliwa Lyon mwaka 1799 katika familia ya wafanyabiashara wa hariri. Akiwa bado binti alibuni utaratibu rahisi wa kuchangia misheni: kila mtu atoe sarafu ndogo moja kwa wiki na atafute wengine kumi wa kufanya vivyo hivyo, na kila kumi wawe na kiongozi wao anayekusanya. Wafanyakazi wa viwandani waliweza kumudu mchango huo, na kutokana na mtandao huo likazaliwa rasmi mwaka 1822 Shirika la Uenezaji Imani. Mwaka 1826 alianzisha Rozari Hai, kwa mpango uleule wa makundi madogo.

Fedha za shirika hilo zilivuka bahari. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1860, na kisha mwaka 1868 wakafungua misheni ya Bagamoyo chini ya Padre Antoine Horner, walitegemea kwa sehemu misaada yake, na barua zao kuhusu watumwa waliokombolewa na kijiji walichokianzisha zilichapwa katika majarida ya misheni ya Lyon na kusomwa na waliokuwa wakitoa zile sarafu. Waliofika Bagamoyo na kuyaona majengo ya misheni na ile njia ya miti inayoelekea ufukweni wanaweza kuamini kwamba sehemu ya gharama yake ilitoka kwa wanawake wa viwanda vya hariri wa mji huu.

Pauline mwenyewe alikufa mwaka 1862 akiwa fukara na mwenye madeni, baada ya kutapeliwa katika mradi wa kiwanda aliotaka kiwe mfano wa kuwatendea haki wafanyakazi. Alitangazwa Mwenyeheri mwaka 2022, hapahapa Lyon. Wageni wengi hushuka kwenye bustani ya Rozari bila kujua kwamba nyumba hiyo ipo, na nadhani Waswahili tungekuwa na sababu ya kusimama hapo kuliko mahali pengine popote kilimani.

Kuna na jingine, kwa ufupi. Shirika la Misioni za Afrika, ambalo limefanya kazi zaidi Afrika Magharibi, lilizaliwa kwenye kilima hiki tarehe 8 Desemba 1856 chini ya Askofu Melchior de Marion Brésillac. Na mwaka 1816 ni hapahapa ambapo kundi la vijana wa seminari, akiwamo Marcellin Champagnat, waliahidi kuanzisha shirika la Wamaria, ambalo tawi lake la mabradha lina shule hata kwetu.

*

Nukuu: “Ufaransa inajinadi kwamba dini na serikali vimetengana. Inakuwaje bustani ya umma imejaa makanisa, na nani anayalipia?”

Basilika haikujengwa kwa fedha za umma. Wakati wa vita vya mwaka 1870 dhidi ya Prusia, Wakatoliki wa Lyon waliweka nadhiri kwamba adui asipoufikia mji watamjengea Maria kanisa jipya, na adui hakufika. Ujenzi ulianza mwaka 1872 kwa ramani ya Pierre Bossan, kwa michango ya waumini, na kanisa likawekwa wakfu mwaka 1896, ingawa mapambo ya ndani yaliendelea hadi katika karne ya 20. Hadi sasa ni mali ya taasisi binafsi iitwayo Fondation Fourvière. Mji unahusika na njia na bustani za umma, na hapo ndipo kazi hugawanyika.

Hata hivyo, haikuwa amani tupu. Mita chache kutoka basilika kuna mnara wa chuma wa karibu mita 86, unaofanana na sehemu ya juu ya Eiffel, uliojengwa kati ya mwaka 1892 na 1894. Wengi wa Lyon wanausimulia kama jibu la watu wa upande wa jamhuri, waliotaka kitu kirefu zaidi ya sanamu ya Bikira Maria. Siku hizi unabeba mitambo ya mawasiliano na hauruhusiwi kupandwa na watalii. Ukiniuliza mimi, ni mbaya, lakini kilima bila huo kingekuwa kimesema uongo kuhusu historia yake.

Tukio la tarehe 8 Desemba linaonyesha vizuri jinsi mambo haya yanavyochanganyika. Mwaka 1852 sanamu hiyo ya Bikira Maria, ya shaba iliyopakwa dhahabu, kazi ya mchongaji Joseph-Hugues Fabisch, ilitarajiwa kuzinduliwa tarehe 8 Septemba juu ya mnara wa kikanisa cha zamani. Mafuriko ya Saône yalichelewesha kazi, na uzinduzi ukasogezwa hadi Desemba. Jioni yenyewe ikaja dhoruba, viongozi wakataka kuahirisha fataki, kisha anga likatulia, na watu bila kuamriwa na yeyote wakaanza kuweka mishumaa madirishani, mtaa baada ya mtaa, hadi mji mzima ukawaka. Desturi hiyo ndiyo iliyokua na kuwa Fête des Lumières, sherehe ya siku kadhaa ambayo leo huwavuta wageni wengi mno, wengi wao wasiojua habari ya sanamu. Taa za kisasa za wasanii huwaka mitaani kwa gharama ya mji na wafadhili, na kwenye mteremko, chini ya basilika, huwaka maneno ya kumshukuru Maria.

Nadhiri ya zamani zaidi ni ya mwaka 1643, ambapo madiwani wa mji, wakihofia tauni, waliahidi kupanda Fourvière kila mwaka tarehe 8 Septemba na kutoa mshumaa na sarafu ya dhahabu. Mameya wamekuwa wakihudhuria kwa muda mrefu, lakini Grégory Doucet, aliyechaguliwa mwaka 2020, alikataa kushiriki ibada hiyo kwa hoja ya utengano wa dini na serikali. Wapo waliomshangilia na wapo waliokasirika. Mimi naona alikuwa na haki yake, na naona pia kwamba njia ya kupanda kilimani haikupungua watu kwa sababu hiyo.

*

Nukuu: “Nitafika na mama yangu mzee mwenye matatizo ya magoti. Ataweza?”

Ataweza, mradi mpande kwa treni na si kwa miguu. Katika kituo cha metro cha Vieux Lyon kuna treni mbili za kuvutwa kwa kamba ya chuma, ambazo wenyeji huziita “ficelle”, na tiketi ya kawaida ya usafiri wa mjini inatosha. Moja hufika mlangoni mwa basilika. Nyingine huelekea Saint-Just na kusimama Minimes, karibu na magofu. Mpelekeni kwanza kwenye kiwanja kilicho kando ya basilika, ambako ataona mji wote akiwa amekaa. Kuingia kanisani hakulipiwi, wala kwenye eneo la magofu, ila jumba la makumbusho lina kiingilio na hufungwa Jumatatu.

Bustani ya Rozari ni mtihani kidogo, kwa sababu hata ikishukwa polepole ina ngazi na mteremko mkali katika sehemu fulani, na mvua ikinyesha majani huteleza. Hapa niseme wazi kwamba huu ndio udhaifu mkubwa wa Parc des Hauteurs: mtu wa kiti cha magurudumu au mzazi mwenye kigari cha mtoto hawezi kuifuata njia yote. Daraja la Quatre-Vents linapitika kirahisi, kwa hiyo kwa mama ningependekeza basilika, daraja, kisha kurudi kwa treni ileile. Mkibaki na muda, teremkeni Vieux Lyon na mpande ile treni ya Saint-Just. Mwishoni mwake, mwendo mfupi kwa miguu, kuna bustani ya Curiosités, zawadi ya mji wa Montréal, ambako kuna viti vya kisanii vinavyotazama mji. Viti hivyo vinakaliwa, si vya kupigia picha tu, na asubuhi kabla ya saa nne huwa havina foleni.